Dole la Oscar Kwenye Dayari

"Ignas? Huyo hata apite mbele yangu na bendi ya matarumbeta, sigeuzi shingo," Eufrazia alisema, akiigonga taipureta kama anayeiadhibu. "Nimemsahau mpaka jina lake sasa naliokoteza herufi moja moja. Kinyaa kitupu!"

Mwajuma, aliyeketi naye dawati kwa dawati katika ofisi ile ya mbegu pale Morogoro mjini, alimtazama kwa mshangao.

"Shoga, mimi nimekuuliza kama una karatasi ya kaboni."

"Nakutahadharisha tu."

"Haya, nimetahadharika. Kaboni ipo?"

Majigambo hayo yalitolewa asubuhi. Kufikia saa saba mchana yalikuwa yamelala chali.

Ilikuwa Desemba ya mwaka tisini na tatu, na mji mzima ulikuwa umeshikwa na homa ya dayari. Walimu wa Kiswahili waliziita shajara, lakini walipofika dukani nao walisema dayari kama watu wengine. Zamani mtu alipata moja tu, ile ya kazini, ya buluu, na aliishika kama kitambulisho. Sasa vitu vya nje vilikuwa vimemiminika, na kila mwenye meza, hata awe anauzia nyanya juu yake, alitaka dayari ya mwaka mpya ya kubana kwapani ili watu wajue kwamba ana miadi.

Oscar naye alitaka moja, ila si ya kwake.

"Twende ukachague dayari," alimwambia Eufrazia, akimfungulia mlango wa pikapu yake. "Ndani yake tutaandika siku ya harusi yetu. Tena iandikwe kabla hata ya jina lako, mtoto."

Tuseme haki: Oscar hakuwa mtu mbaya. Aliuza spea za magari, alikuwa na malori mawili, na lori moja lilishusha kabichi za Paulo, mjomba wa Eufrazia, kutoka Mgeta hadi Dar bila jani kunyauka. Alipotaka kuposa, aliendesha mwenyewe mpaka barabara ilipogoma, akapanda mlima kwa miguu na viatu vyake vya kung'aa, akaenda kuketi kwenye kigoda mbele ya mjomba mtu. Alirudi na matope mpaka magotini na baraka za ukoo mzima.

"Huyu kafunzwa kwao," Mjomba Paulo alikuwa amesema. "Anajua binti anaombwa kwa nani. Si yule wako wa mwaka jana, aliyetuacha tumechinja kuku tunatazamana kama wafiwa. Sasa Frazia, mimi Jumamosi nashuka mjini. Sitaki maneno ya nitafikiri, nitaona. Nikukute na siku, nirudi nayo kwa mama yako. Ukinishushia heshima mara ya pili, habari zako usinipe tena."

Leo ilikuwa Ijumaa.

Na tuseme haki tena: Eufrazia alijitahidi kumpenda Oscar. Alijitahidi kama mtoto anayemeza kwinini. Akiwa mbali naye alihesabu sifa zake na kuzikubali zote. Tatizo lilianza akiwa karibu. Oscar alipozungumza, kijiti cha meno kilitembea kutoka shavu hili kwenda lile, kikitoka na alichokitafuta, na alichokitafuta Oscar hukikagua kwanza kisha hukirudisha. Marashi yake yalikuwa makali, lakini chini ya marashi palikuwa na mbuzi choma, na chini ya mbuzi choma palikuwa na kitu ambacho Eufrazia hakutaka kukijua.

"Utazoea," mama yake alikuwa amemwambia. "Hata baba yako alikuwa anakoroma."

"Na ukazoea?"

"Nilirudi kwa kaka yangu," mama akajibu, akaendelea kuchambua maharage.

Duka lilikuwa nyuma ya soko kuu, jipya, limebanwa kati ya fundi saa na muuza vitenge. Juu ya mlango kulikuwa na kibao kilichoandikwa kwa mkono: VIFAA VYA OFISI NA SHULE. Eufrazia aliingia akitafuna karanga, akainua macho, na karanga ikapotea njia.

Nyuma ya kaunta alikuwa amesimama Ignas.

Eufrazia alikohoa mpaka machozi yakamtoka. Oscar akampiga mgongo kwa kiganja kizito, pu, pu, kama anayekung'uta godoro. Shingo ya Eufrazia, ile isiyogeuka, ilikuwa imegeuka kwanza kumtazama, ikageuka pembeni, ikarudi tena kuhakikisha. Ignas alikuwa amekonda. Shati lake lilikuwa lilelile la mistari, kola imegeuzwa na fundi. Macho yalikuwa yaleyale.

"Unamjua huyu?" Oscar aliuliza.

"Nani? Huyu?" Eufrazia alifuta mdomo. "Nimjulie wapi?"

Ignas alijikusanya, akaweka viganja viwili juu ya kaunta.

"Karibuni wateja," alisema. "Hapa hata wasiojulikana wanahudumiwa."

"Tunataka dayari, kijana," Oscar akasema. "Nzuri. Ya mke."

Neno hilo liliingia masikioni mwa Eufrazia kama nzi kwenye chai.

Ignas alitoa tatu, akazipanga. Sauti yake ilikuwa ya muuza duka, lakini ya mwisho aliiweka juu chini, na Eufrazia alijichukia kwa kuliona hilo.

"Hii ni ya Dubai, bosi. Kingo za dhahabu. Mwishoni ina ramani ya dunia na namba za kupigia simu nchi ambazo dada hana ndugu. Hii ya waridi ina manukato, ukifungua tu unajiona uko saluni. Na hii ya tatu ni ya hapahapa nchini. Haina dhahabu, hainukii. Inaandikika tu."

Mkono wa Eufrazia ulikwishaifikia ile ya tatu kabla hajaamua.

"Hiyo ya karani wa mahakama!" Oscar aliangua kicheko, kijiti kikayumba. "Mtoto, mimi nakuoa au nakuajiri? Lete hiyo ya Dubai."

Ndipo alipofanya jambo lile.

Alikichomoa kijiti, akakichomeka juu ya sikio. Akatoa ulimi. Ulikuwa ulimi mpana, mweupe katikati, wenye kumbukumbu ya supu ya asubuhi. Akaliramba dole gumba lake kutoka kwenye kiungo mpaka ukuchani, taratibu, bila aibu, kama ng'ombe anayemlamba ndama. Kisha akafungua Januari.

Plap.

Akaramba tena. Februari. Plap. Alipofika Machi, kidole cha shahada nacho kilitaka zamu yake. Kila ukurasa mweupe alioupita ulibaki na doa la unyevu pembeni, duara, lenye mistari ya ngozi na chembe ya kitu cha kahawia.

"Bosi, hujanunua bado," Ignas alisema kwa upole.

"Nitanunua! Unadhani mimi ni wa kugusagusa na kuacha?"

Tumbo la Eufrazia lilipinduka. Alijaribu kutazama pembeni, akatazama rula, akatazama chupa za gundi. Haikusaidia, sauti ilikuwa inamfuata. Plap. Aliliona dole lile likimkatia mkate. Aliliona likifuta shavu la mtoto wake mchanga. Aliliona likiramba na kufungua, likiramba na kufungua, mwaka hadi mwaka, mpaka yeye Eufrazia mwenyewe awe ukurasa wa mwisho wenye doa.

"Hapa!" Oscar alilikandamiza dole katikati ya ukurasa wa Aprili. "Jumamosi hii, baada ya Pasaka. Mjomba hana kilimo, malori yangu yapo, padri yupo. Andika, mtoto. Andika 'Harusi'."

Aliponyanyua dole, alama yake ilibaki juu ya Jumamosi, mbichi, inang'aa.

Eufrazia alipewa kalamu. Akainama. Kalamu ikasimama juu ya ule unyevu bila kugusa karatasi.

"Andika basi."

"Nasubiri pakauke," alisema, na sauti yake ilitoka nyembamba.

Nje honi ilipiga. Ikapiga tena, kwa hasira. Lori la soda lilikuwa limezibiwa njia na pikapu ya Oscar, na dereva wake alikuwa ameanza kumtaja mama wa mwenye pikapu.

"Huyu ananijua mimi?" Oscar alikitoa kijiti sikioni, akakirudisha mdomoni. "Mtoto, nakwenda kumnyoosha huyu. Nikirudi nikute imeandikwa, tukale."

Duka lilibaki na watu wawili na harufu ya karatasi. Ignas ndiye aliyeanza.

"Hongera. Mume ana ulimi mrefu."

"Afadhali yeye na ulimi wake alifika Mgeta. Wewe na usafi wako hukufika."

"Mgeta?" Ignas alikunja uso. "Nikafanye nini Mgeta?"

"Usinitie kichefuchefu, Ignas! Bado nina njaa na sitaki kutapika juu ya bidhaa zako." Aliitupa kalamu. "Ulisema Jumamosi ile unatuma wazee. Mjomba alichinja kuku wanne. Mama wadogo wote walikuja, mpaka yule asiyetoka kitandani. Mimi nimevaa gauni la njano, nimekaa kwenye jiwe natazama njia kama mjinga. Kila mwanaume aliyejitokeza chini nikasema ndio hao. Unajua alikuwa nani? Muuza chumvi! Nikampokea muuza chumvi kwa vigelegele!"

"Wazee wangu walikwenda."

"Walikwenda wapi?"

"Kuposa! Siku hiyohiyo! Baba mdogo alivaa suti ya harusi yake, imembana mpaka hakai. Walipakia beberu juu ya basi. Baba yako akawapokea vizuri, akala nao, akacheka nao, akawaambia nimefurahi, nitawaletea jibu."

Nje Oscar na dereva walikuwa wamefikia hatua ya kushikana kola.

"Baba yangu," Eufrazia alisema polepole. "Wa Mikese."

"Una mwingine?"

"Ignas. Wazee wako walikwenda kuniposa kwa baba yangu?"

"Wangekwenda kuposa kwa nani? Kwa polisi?"

"Kwa mjomba! Sisi Waluguru, mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba ni mtu mzuri, tunampikia, tunamsalimia, lakini posa si yake! Halafu yeye na mjomba hawajasemeshana tangu nikiwa darasa la tatu. Ili akuletee jibu ilibidi apande Mgeta akamwombe mjomba msamaha, na baba yangu kuliko kuomba msamaha atakula viatu vyake. Hilo kila mtu analijua!"

"Kila mtu nani?" Sasa Ignas naye alipandisha. "Mimi ni Mngoni wa Peramiho! Kwetu ukienda kumwomba binti kwa mjomba, baba mtu anakufukuza na rungu na mjomba anakushangaa! Uliniambia tuma wazee. Hukuniambia wapi."

"Hukuuliza!"

"Niulize nini? Mtu anauliza mlango wa nyumba uko upande gani, wakati yeye anauona?" Alipumua. "Nimesubiri jibu, Frazia. Kiwanda kikatupunguza kazini, nikasema nisiondoke Morogoro, jibu lisije likanikosa. Halafu siku moja nakuona sokoni. Unaniona. Unavuka barabara, unatema mate. Nikajiambia basi, ndilo hilo jibu."

Eufrazia alishika kaunta. Kuna jambo lilikuwa linapanda kutoka tumboni, na halikuwa kicheko bado.

"Yule beberu," alisema. "Alikuwa wa rangi gani?"

"Mwekundu. Ana baka jeupe pajani. Kwa nini?"

"Mungu wangu." Aliziba mdomo. "Wiki ile baba alikuja mjini, akanigongea chumbani na paja la mbuzi. Akasema mbuzi kagongwa na basi pale barabarani. Ngozi ilikuwa haijachunwa, bado ina baka. Nikalikaanga. Nikala siku tatu nikikulaani! Nililia ndani ya mchuzi, Ignas! Nimeila posa yangu mwenyewe!"

Ignas alimtazama. Mdomo wake ukaanza kucheza pembeni. Akajizuia, akashindwa. Alicheka mpaka akainama, akalala kifudifudi juu ya dayari za mwaka mpya, mabega yanaruka. "Lilikuwa na chumvi?" aliuliza, na hapo Eufrazia naye akapasuka. Walicheka kama watu waliorukwa na akili, kila mmoja akijaribu kusema "baba" na "basi" na asifike mwisho wa neno.

Kisha Eufrazia akagundua kwamba anacheka peke yake.

Mabega ya Ignas yalikuwa bado yanaruka, lakini sauti ilikuwa nyingine. Aliinua uso. Machozi yalikuwa yameshuka mpaka kidevuni, na pua nayo haikutaka kuachwa nyuma. Mwanaume mzima, mwenye duka, kamasi zimemshuka mpaka mdomoni, anazivuta, zinarudi.

"Nilidhani umenionea kinyaa," alisema. "Nilidhani mlinicheka. Baba mdogo mpaka leo haniiti kwa jina, ananiita Bwana Harusi."

Eufrazia aliinyoosha mikono juu ya kaunta. Hakuwa na leso. Hakuitafuta. Alimfuta mashavu kwa kiganja, akamfuta pua, akamfuta mdomo wa juu, akarudia tena pua kama anavyofutwa mtoto wa chekechea, na wakati wote huo alisubiri tumbo lake lipinduke. Lilitulia tuli. Tumbo lilelile ambalo halikustahimili dole moja lilikuwa limelala kama paka aliyeshiba.

Hilo lilimtisha kuliko kitu chochote alichokisikia siku ile.

"Kesho mjomba anashuka," alinong'ona.

"Nitakwenda kumpokea stendi."

"Atakupiga na fimbo."

"Anipige. Angalau safari hii nitapigwa na mwenye binti mwenyewe."

"Na Oscar je? Kabichi za mjomba je? Ignas, mimi nimeshakubali mbele ya watu, mimi..."

Kivuli kikaziba mlango. Eufrazia aliruka nyuma hatua nzima, akashika rula ya kwanza aliyoiona na kuanza kuikagua kwa makini ya fundi seremala. Oscar aliingia akijipangusa, kifungo kimoja kimepungua, ameridhika.

"Nimemnyoosha," alisema. "Haya, mtoto. Umeandika?"

Ukurasa wa Aprili ulikuwa wazi. Mweupe, wenye doa lake.

"Kalamu haiandiki," Eufrazia alisema.

Oscar alimtazama yeye, akamtazama Ignas ambaye alikuwa ameinama akipanga madaftari yaliyokwishapangwa. Kijiti kilisimama katikati ya mdomo.

"Mbona macho mekundu? Huyu kakuambia nini?"

Ulikuwa wakati wa kusema. Eufrazia aliujua, aliuona umesimama mbele yake kabisa, mpana kama mlango wa kanisa. Akamwona mjomba akishuka kwenye gari na fimbo yake. Akamwona mama akiacha kuchambua maharage. Akafungua mdomo.

"Huyu? Sijaongea naye hata neno. Muuza duka tu, Oscar, simjui mimi. Ni vumbi la karatasi hili."

"Una hakika?"

"Haki ya Mungu."

"Samahani, wanangu."

Sauti ilitoka nyuma ya mlango, kwenye benchi ya wateja. Alikuwa bibi mmoja wa mlimani, tenga la kabichi na karoti limetuliwa miguuni, kilemba kimelegea kwa jasho. Ameketi hapo tangu lini, hakuna aliyejua. Alikuwa ameshika fimbo yake kwa mikono miwili, mtulivu, kama mtu aliyekuja kwenye ibada akakuta imeshaanza.

"Shikamoo, bibi," Ignas alisema kwa sauti iliyopasuka.

"Marahaba, baba. Mimi nataka kalenda tu, ile yenye picha ya Bikira Maria. Nimesubiri mpaka mmalize kulia, nikasema nisiwasumbue." Akamgeukia Eufrazia, akamtazama kwa huruma ya kweli, bila chembe ya ubaya. "Ila mwanangu, umenichanganya. Mimi nikasema moyoni, huyu ndiye mumewe, wamegombana, wamepatana. Sasa unasema humjui, na kamasi zake zote umezifuta kwa kiganja?"

Fundi saa upande wa pili aliacha kugonga.

Kijiti cha Oscar kilidondoka sakafuni. Polepole, macho yake yakashuka kutoka kwenye uso wa Eufrazia, yakapita bega, yakapita kiwiko, yakatua kwenye mkono ulioshika rula.

Ulikuwa umelowa mpaka kati ya vidole, unang'aa kwenye mwanga wa mlangoni. Eufrazia naye aliutazama. Sketi ilikuwepo ya kujifutia. Hakujifuta.